Dumu la Buluu

Katika kampuni ile ya kusafirisha vifurushi, watu wote walimwita Mama Stoo, hata waliomzidi umri. Miaka kumi na minne alikuwa ameshika funguo za chumba kirefu kisicho na dirisha, kilichojaa matairi, taa, mikanda ya injini na harufu ya mpira mpya. Alijua kila kitu kilipo kama ulimi unavyoyajua meno.

Lakini sifa yake hasa ilitokana na madumu matatu ya dawa ya kuoshea vioo vya magari yaliyokaa kando ya mlango. Njia za kampuni zilianzia bondeni, kwenye joto na vumbi, zikapanda hadi nyanda za juu, ambako miezi ya baridi majani huamka meupe kwa barafu. Madereva wengi waliamini maji ni maji. Ungewaachia, wangejaza ya bomba na kijiko cha sabuni ya vyombo, wafunge boneti, waondoke zao. Mama Stoo hakutaka kusikia habari hiyo. Dumu la kijani lilikuwa la bondeni siku za jua kali, maana dawa yake hung'oa wadudu waliopasukia kwenye kioo na kukauka kama gundi. La manjano lilikuwa la masika, la kukata yale mafuta yanayorushwa na magari ya mbele barabara ikilowa, yanayokufanya taa moja uione saba. La buluu ndilo lilikuwa la baridi. Lilikuwa na spiriti ndani yake, na halikuganda hata kipimo kishuke nyuzi ishirini chini ya sifuri.

"Ukipanda juu na la kijani," aliwaonya, "umejipaka chokaa machoni."

Walimcheka, lakini walimtii.

Miongoni mwa madereva hao alikuwamo shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Yeye Mama Stoo ndiye aliyemwombea kazi. Wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa ilisemekana siku moja konokono alimpigia honi ampishe. Alicheka nao. Kila asubuhi alichukua dawa ya kioo kwenye chupa yake, akaukagua mfuniko, akauliza lile lile: "Shemeji, leo ya rangi gani?" Akijibiwa, hakuuliza la pili.

Mwaka huo baridi iliwahi, na oda ya dawa ya buluu ikachelewa. Mama Stoo alijaza fomu, akaipeleka kwa meneja. Siku ya nne akajaza nyingine.

"Lililopo litatosha," meneja alisema bila kuinua macho. "Wewe ndiye bingwa wa vipimo. Wapimie."

Lililopo lilikuwa robo ya dumu, na magari yaliyopanda juu yalikuwa sita. Jioni moja, madereva wakiwa wameshaondoka, alichota maji ya bomba ndoo ndogo akayamimina ndani. Rangi ilipauka kidogo tu. Alijiambia baridi bado haijakaza, na oda itafika kesho. Kesho haikuja na kitu. Wiki iliyofuata akaongeza ndoo ya pili.

Angeweza kuwaambia. Ilikuwa sentensi moja tu: jamani, hii imechanganywa, nendeni kwa tahadhari. Lakini yeye ndiye aliyewasimanga miaka yote kwa maji ya bomba. Angeanzia wapi? Aliona haya. Aibu ndogo ya mtu mmoja, basi.

Alhamisi Taratibu alikuja na chupa yake.

"Shemeji, leo ya rangi gani?"

"Juu kuna barafu. Buluu."

Akajaza, akashukuru, akaenda.

Yaliyotokea huko yalijulikana baadaye. Jua lilikuwa linachomoza, na Taratibu alikuwa nyuma ya lori lililomrushia tope la barafu kwenye kioo cha mbele. Akabonyeza dawa, waipa zikaipangusa mara moja, mara mbili, na kioo chote kikawa cheupe kama shuka. Alikanyaga breki. Gari likateleza kidogo, kama hatua kumi za mtu mzima. Katika hatua hizo kumi alikuwamo mziba mashimo wa barabara, ameinama na koleo lake, kizibao cha rangi kali kimemkaa mgongoni. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Mchana meneja alisimama mlangoni mwa stoo. Uso ulikuwa umemshuka.

"Alichukua dawa ipi?"

"Ya buluu."

"Ile ya baridi?"

"Ile ya baridi."

Meneja akaandika, akaondoka. Mama Stoo alikaa juu ya tairi. Hakuwa amesema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililomtisha.

Siku iliyofuata dumu jipya likaletwa, limejaa hadi shingoni. La zamani, lenye masalia, alilisukuma nyuma ya matairi. Hakuwa na moyo wa kulimwaga, wala wa kulitoa.

Taratibu alisimamishwa kazi. Polisi walimwambia kesi itakuwa ya kuendesha kwa uzembe. Kila alipoeleza kwamba kioo kiliganda, walimsomea kibandiko cha dumu: nyuzi ishirini chini ya sifuri. Asubuhi ile zilikuwa saba tu chini ya sifuri. Wiki ya pili akaja stoo, ndevu hazijanyolewa, chupa yake mkononi.

"Shemeji, nipe kidogo ya ile dawa," alisema. "Nataka niiweke kwenye friza pale nyumbani. Ikiganda, nitawapelekea waione kwa macho yao. Nitajua sina wazimu."

Mama Stoo aliipokea chupa. Madumu yote mawili yalikuwa mle ndani, moja mbele yake na jingine nyuma ya matairi, na hakuna aliyejua ila yeye. Mikono yake ilikwenda kwenye jipya. Alimimina polepole ili isimwagike.

"Mungu akuweke, dada," Taratibu akasema.

Jumapili mdogo wake alimpigia simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia hadi machozi yakamkaukia. "Njoo umwone huyu. Hali, halali, hasemi."

Aliwakuta jikoni. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Chupa ilikuwa mezani, mvuke wa ubaridi umeizunguka, na ndani yake dawa ilicheza huku na huko, laini kama ilivyotoka dukani. Taratibu aliiinamisha kulia, akaiinamisha kushoto.

"Siku tatu kwenye friza," alisema. "Haijaganda, shemeji. Kwa hiyo ni mimi."

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini? Labda nilisinzia. Labda macho yangu yamekwisha na sijijui. Nilikiona kioo kikiwa cheupe, naapa, lakini kumbe ni kichwa changu kilinidanganya ili nisione nilichokifanya. Kesho nakwenda kuwaambia. Nitasema nimeua mtu kwa uzembe, yaishe."

Mdogo wake alimshika mumewe bega. "Dada, mwambie. Wewe unazijua hizi dawa kuliko mtu yeyote. Hakuna namna yoyote ingeganda?"

Friza ilikuwa inanguruma. Mama Stoo aliutazama mkono wa mdogo wake, mkono aliokuwa akiushika kumvusha barabara walipokuwa wanakwenda shule.

"Niliitia maji," alisema.

Hakuna aliyemwelewa, ikabidi arudie. Akasema yote: ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, dumu lililojificha nyuma ya matairi, na chupa hii iliyo mezani imetoka kwenye dumu gani. Alipofika hapo, kwenye chupa, Taratibu aliinua mkono kama mtu anayezuia jua.

"Ngoja," akasema. "Nilipokuja kwako, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanijazia hii."

"Nilikujazia hiyo."

Mdogo wake alifungua mlango wa jikoni, akasimama kando yake, akangoja. Mama Stoo akachukua mkoba wake akatoka.

Jumatatu, kabla hata hajafungua stoo, alikwenda polisi, na saa nne akawaongoza hadi nyuma ya matairi. Walichukua masalia wakayapima. Yaliganda kama maji, kwa sababu karibu yote yalikuwa maji. Zile fomu mbili alizopeleka kwa meneja hazikuonekana. Meneja alisema hajawahi kuziona. Mama Stoo hakubishana naye. Hata zingeonekana, ndoo ilikuwa mkononi mwake, si mkononi mwa meneja.

Taratibu aliondolewa shitaka. Yeye Mama Stoo alihukumiwa kifungo cha nje, na kampuni ikamwachisha kazi siku hiyo hiyo. Alikwenda kwa mjane wa mziba mashimo, akamweleza kama alivyowaeleza polisi, asipunguze wala asiongeze. Mjane alimsikiliza huku akikunja nguo za kazi ambazo hazikuwa na mtu wa kuzivaa.

"Mimi mambo ya dawa za vioo siyajui," alisema mwishowe. "Ninachojua, aliacha nusu kikombe cha chai akisema atarudi kuimalizia. Nenda, mama. Nimekusikia."

Mwezi mmoja baadaye Taratibu alibisha mlangoni kwa Mama Stoo. Hakutaka kuketi. Alimwambia amekataa kurudi kwenye usukani, amepata kazi ya kupanga masanduku ghalani, na kwamba hakuja kugombana.

"Kuna kitu kimoja tu kinanikereketa," alisema. "Maji siyo yanayoniumiza. Ungeniambia asubuhi ile kwamba umechanganya, ningeendesha kwa kusimama-simama, ningeshuka nifute kioo kwa kitambaa kila kilomita. Si unanijua? Mimi ndiye Taratibu. Na ile chupa, shemeji. Siku tatu nzima niliamini mimi ndiye niliyeua. Nilikuwa nimeshawaaga watoto wangu akilini, nimeshaiaga na nafsi yangu."

"Nisamehe."

"Siku moja, labda," alisema, akaenda.

Mtaa wao ni mmoja na soko ni moja, hivyo Mama Stoo humwona mdogo wake na watoto. Watoto hawajui la kufanya na ugomvi wa wakubwa, wakimwona ng'ambo ya barabara hupunga mikono na kupaza sauti, "Shikamoo, mama mkubwa!" Huwaitikia marahaba. Mama yao hageuzi shingo. Huwashika mikono, akatazama kulia, akatazama kushoto, akawavusha upande mwingine.