Lupini za Mteremko wa Alvin

Kila Aprili, lupini, maua ya porini, zilipoufunika mteremko wa nyuma ya nyumba kwa buluu, Otilia na mumewe Alvin walikaa katikati ya maua wakapigwa picha. Ukuta wa ukumbini ulijaa picha hizo, tangu ya bibi harusi mwembamba hadi ya wazee wawili wasioweza kuinuka bila kuvutana. Hakuna mwaka uliorukwa.

Katika vilima vile vya Teksas, Alvin alikuwa na sheria moja: mteremko haufyekwi mpaka maganda ya lupini yakauke, yapasuke na kurusha mbegu. Mmea wenyewe huishi msimu mmoja tu, kisha hufa; bila mbegu mpya hakuna maua ya mwaka unaofuata. Siku za joto za Mei walikaa barazani na chai ya barafu wakisikiliza maganda yakipasuka, tak, tak, na Alvin hakutaka kusemeshwa.

Aprili iliyopita Alvin alifariki, maua yakiwa yamechanua. Kaburi la familia liko juu kileleni. Mpwa wao Clayton, mtu wa moyo mwema na pupa nyingi, akapanda trekta akafyeka mteremko wote ili gari la maiti lipite, na magari ya wafiwa nyuma yake. Otilia aliona yote. Ilimuuma kama kufiwa mara ya pili.

Mwaka mzima alijiambia maua yamekwisha. Ndiyo maana Clayton alipotokea na kamera, alimjia juu.

"Unipige picha na nini, na magugu?"

"Njoo uone kwanza, Shangazi, ndipo unitukane."

"Nitaanzia hapa hapa, njiani tuendelee."

Akamfuata na mkongojo wake. Mteremko ulikuwa majani matupu, isipokuwa mistari miwili ya buluu iliyopanda sambamba mpaka kaburini. Palikuwa pale pale palipopita matairi. Mbegu za miaka ya nyuma, ngumu kama kokoto, zilikuwa zimelala udongoni; magari yalizikwaruza, mvua ikapata pa kuingilia, zikaota.

Otilia alilia bila kujificha. Kisha akakaa chini, kwenye mstari wa kushoto.

"Sogea katikati, Shangazi, upendeze."

"Huu ndio upande wangu siku zote. Mwache mjomba wako na wake." Akapangusa macho. "Piga. Na trekta yako isikanyage hapa mpaka nisikie tak ya mwisho."