Maji Yasiyojua Chini

Walimwita Mbona, kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kukubali jambo bila kuuliza mbona. Mbona mzizi wa haragwe hushuka hata ukiipanda mbegu kichwa chini? Mwalimu wa sayansi alipochoka kujibu, akamwambia alipeleke swali hilo kwenye shindano la wanafunzi. Na huwezi kuamini, likachaguliwa. Mbegu zake zikapewa nafasi kwenye roketi ziende kituo cha anga, huko ambako vitu havina uzito, ili wanaanga waangalie mzizi utashika njia ipi pasipo na kitu cha kuuvuta.

Kisanduku cha kuoteshea mbegu hizo alikitengeneza na baba yake, fundi bomba, mtu ambaye hata akila huangalia kwanza kama meza imelala sawa. Juu maji, katikati koki ndogo na kibomba, chini maharage yaliyolazwa kwenye pamba. Ukifungua koki, maji yanateremka, mbegu zinalowa. Walikijaribu jikoni mpaka mama akawafukuza apate pa kukatia vitunguu. Hakikuvuja hata tone. Baba mtu akatamba mtaa mzima.

Roketi ikaondoka. Wiki ileile Mbona akaona kwenye simu ya mama yake mwanaanga akinywa maji: tone linaelea hewani, yeye analifuata kwa mdomo. Akakikumbuka kisanduku chao. Alimkimbilia baba, aliyekuwa amejipenyeza chini ya sinki la jirani, akamwambia maji hayatashuka. Baba akacheka, akasema maji lazima yashuke, ndiyo kazi yake. Halafu kicheko kikakatika. Akatoka, akakaa sakafuni na spana mkononi. Vichwa viwili vizima, vyote vikasahau jambo moja tu, tena lile lililofanya mbegu zitumwe: kwamba huko hakuna chini. Na hakukuwa na kisanduku kingine wala roketi nyingine.

Siku ya kuzungumza na kituo, ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Mwalimu alikuwa amempa Mbona maswali ya kusoma, maswali ya adabu, kama vile wanalalaje huko. Kwenye skrini akatokea mwanaanga, mama wa makamo, nywele zimemsimama, kisanduku kinaelea mbele yake. Akafungua koki. Maji yakajikusanya mdomoni mwa kibomba, mviringo mtupu, yakabaki hapo yakitetemeka. Watu wakapiga makofi, wangejuaje? Na jamani, lilikuwa zuri tone lile. Hata Mbona alisahau kidogo kuwa ndilo linalomwangamiza.

Akaiweka karatasi kando. "Mama, tulikosea. Mimi na baba tulidhani maji yatashuka."

Mwalimu akajishika kichwa. Yule mama akauliza kwa upole afanye nini basi. Mbona akageuka kumtafuta baba yake nyuma ya ukumbi. Baba alikuwa amesimama, anauzungusha mkono hewani, vile anavyozungusha ndoo ya maji kuchekesha watoto na asimwage kitu.

"Zunguka nacho," Mbona akasema. "Nyoosha mkono, upande wa maharage uelekee nje."

Basi mama wa watu akajisukuma ukutani, akaanza kuzunguka kama pia, mtu mzima na cheo chake. Tone likatikisika, likarefuka, likateleza kwenye kibomba mpaka kwenye pamba. Aliposimama, pamba ilikuwa imeyanywa maji na haikuyaachia. Mahali pasipo na chini, mtu alikuwa amejitengenezea chini kwa mkono wake mwenyewe, na wao wameona kwa macho yao. Baba alilia waziwazi, wala hakujisumbua kujifuta.

"Mbegu zimelowa," mama wa angani akasema, akihema. "Haya, niambie, mizizi itaelekea wapi?"

"Sijui," Mbona akajibu. "Ndiyo maana nikazituma."