Sklar Haipo Kwenye Kitabu cha Simu

Rhona Clark alikuwa mpima macho siku za kazi na mchekeshaji siku za Jumapili. Mchana wa Jumapili, katika chumba kilicho juu ya baa moja kusini mwa Glasgow, watu kama arobaini walikaa kwenye viti vya kukunja, naye akawachekesha kwa habari za talaka yake, paka wake, na wateja wanaokariri herufi za ubaoni ili wasipewe miwani. Miaka sita alifanya hivyo. Kwamba yeye ni Myahudi, hakuwahi kulitamka hata siku moja.

Hilo alilirithi kwa baba yake. Mzee Mendel alizaliwa Sklar, akaendesha teksi karibu miaka arobaini, na muda mwingi katika hiyo alijiita Clark. Nyumbani, Ijumaa jioni, mishumaa ya Sabato ikishawashwa, hakuna aliyemfikia kwa ucheshi. Alimwiga rabi, aliwaiga majirani, alimwiga hata kuku aliyekuwa kwenye supu akilalamika kuwa chumvi imezidi. Lakini akivuka kizingiti tu, kimya, kana kwamba mdomo umetiwa gundi.

Kwa maigizo hayo Rhona alikua akiwakumbuka watu asiowahi kuwaona: watu wa Gorbals ya zamani, mtaa wa Glasgow ambako baba yake alizaliwa na ambao ulibomolewa jengo baada ya jengo. Muoka mikate aliyeimba. Mabibi waliogombana madirishani kwa Kiyidi, lugha ya wazee wa Kiyahudi.

"Wako wapi sasa, Baba?" alikuwa akiuliza.

"Wamesambaa kama dengu zilizomwagika," Mzee alijibu, kisha akabadili mazungumzo.

Rhona alipofika miaka arobaini na mitatu, mama yake alikuwa ameshafariki, na sinagogi lao la utotoni limeuzwa na kukatwakatwa kuwa nyumba za kupanga. Siku moja alipita pale akaona baiskeli imefungwa kwenye nguzo ya mlango, na kijana wa watu anatoa taka. Alisimama barabarani mpaka kijana akamuuliza kama amepotea. Alipofika nyumbani akampigia simu mwenye ukumbi.

"Bango la mwezi ujao, usiandike Clark. Andika Sklar."

Kisha akaenda kumwambia baba yake, kwa maana hakutaka asikie kwa watu.

"Umefanya nini?" Mzee aliweka kijiko chini.

"Ni jina letu, Baba."

"Letu! Wewe umelibeba lini? Mwaka sitini na tisa abiria alisoma kadi yangu pale mbele ya gari. Akauliza, 'Sklar ni jina gani hilo?' Nikamwambia. Akanitemea mate shingoni, akashuka kwenye taa nyekundu. Mama yako sikumwambia. Nilijipangusa, wiki ileile nikaenda kubadili jina."

"Pole, Baba. Lakini hiyo ni miaka hamsini sasa."

"Shingo haihesabu miaka, binti yangu."

Rhona akamsihi aje siku ya onyesho, akae karibu na mlango, asiongee na mtu. Mzee akaingia chumbani na kufunga mlango. Tangu siku hiyo hakupokea simu za binti yake. Wiki nne.

Jumapili ilipofika, Rhona alipanda jukwaani akatazama kwanza viti vya karibu na mlango. Hakumwona. Akashika kipaza sauti.

"Mimi ni Myahudi wa Glasgow," akaanza. "Tumebaki wachache mno. Tulikuwa tukigombana sinagogi zima. Siku hizi inabidi tupangiane zamu." Wakacheka kidogo, kwa tahadhari. "Baba yangu alibadili jina asijulikane. Akawa Clark. Halafu kila siku akala samaki wetu wa siki na vitunguu ndani ya teksi. Abiria wote walijua kuna siri humo. Walishindwa kujua tu ni ipi."

Hapo chumba kikafunguka. Alikuwa anaanza kufurahi, ndipo mwanamume mmoja wa mstari wa nyuma, bia mkononi, akapaza sauti:

"Si mrudi kwenu!"

Kicheko kikakatika. Rhona alihisi baridi shingoni, palepale, kana kwamba amelirithi hilo nalo. Kwa mara ya kwanza alimwelewa baba yake, na akatamani kushuka.

"Babu yangu aliambiwa hivyohivyo mwaka 1905," akasema, sauti ikiwa chini. "Akajibu: sawa, nangoja mvua ikatike." Akaelekeza kidole dirishani, maji yakichuruzika kiooni. "Ndugu yangu, bado tunangoja."

Watu wakapiga meza, wakapiga miguu sakafuni. Yule mtu akainamia bia yake, na baadaye akatoka. Rhona akainama kushukuru, macho yakirudi tena mlangoni. Wageni arobaini walimpigia makofi, na yule mmoja, baba yake, hayupo.

Alipokuwa akishuka ngazi alimkuta mzee mfupi amesimama na fimbo, koti limelowa.

"Samahani, mama. Wewe ni Sklar yupi? Kulikuwa na Mendel Sklar aliyevunja dirisha la rabi kwa mpira."

"Mendel ni baba yangu."

Mzee yule akakaa kwenye ngazi. "Yu hai?"

"Yu hai. Amenuna, ila yu hai."

"Mimi ni Zelig Fineman. Tulikaa dawati moja mpaka wazazi wangu waliponihamishia Leeds. Walirudishwa kuzikwa huku, na kila nikija makaburini nilifungua kitabu cha simu. Sklar hamna. Nikasema basi, amekufa, au yuko Amerika. Leo mpwa wangu ameona bango."

"Alikuwa hukuhuku," Rhona akasema. "Alikuwa kwenye herufi C."

Akampeleka palepale. Mzee Mendel alifungua mlango, akamwona binti yake, akaanza kuurudisha. "Kama umekuja kunichekesha..."

Zelig akasogea mbele akasema maneno matatu, manne, kwa Kiyidi. Rhona hakuyaelewa. Aliona tu uso wa baba yake ukikunjamana, akadhani anaumwa. Kumbe analia, na katikati ya kulia anacheka.

Walikaa jikoni mpaka jioni. Vicheko vyao vilimfikia Rhona akiwa anachemsha maji: mmoja anaanza hadithi, mwingine anaimalizia, wote wanapiga meza kama watoto. Katika maneno kumi alishika moja. Kuku. Bibi. Mkate.

"Amesema nini, Baba?"

"Aaa, ukitafsiri linakufa," Mzee akajibu, akijifuta macho, na kwa upole akamshika mkono, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne. "Kaa tu. Kaa hapa na sisi."

Rhona akavuta kiti. Zelig akaanza nyingine, wazee wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, nusu hatua nyuma, akiwatazama midomo na kuutamani mtaa ambao mguu wake haukuwahi kuukanyaga.