Fulana za Njano

Janelle Kucera hakuwa na desturi ya kuomba watu waje. Aliwaagiza, kama mwenye ukumbi anavyoagiza viti. Chama cha wamiliki wa nyumba za wazee kilimlipa ili bunge la Nebraska liwatazame wanachama wake kwa jicho la huruma, na msimu ule huruma yenyewe ilikuwa muswada mmoja: nyumba ya wazee isilazimike tena kuweka muuguzi usiku, mradi iwe na simu. Janelle ndiye aliyeuandika. Seneta Ostrander, mwenyekiti wa kamati, aliuwasilisha kwa jina lake, na hakuna aliyemsuta, kwa kuwa muswada, kama mtoto, lazima uwe na baba wa kuandikwa kwenye cheti.

Pale Lincoln, makao ya bunge hilo, kila muswada husikilizwa hadharani, na yeyote anaruhusiwa kuja kusema. Kwa hiyo Janelle alizitaka nyumba zilete wazee, ziwavishe fulana za njano zenye maneno “Tuko Salama”, kisha ziwalishe runza, ile mikate ya moto iliyojazwa nyama na kabichi. Hakuuliza ni wazee gani. Asubuhi ya kikao aliingia chumbani, akazitazama safu za njano, akaridhika. Katika safu ya pili akamwona mama yake.

“Mama! Umefikaje hapa?”

“Kwa basi, kama malkia. Waliuliza nani anataka kwenda Lincoln, nikanyanyua mikono yote miwili.” Darlene Kucera aliivuta fulana, iliyokuwa ikimfika magotini. “Mwanangu yuko kazini, mimi nibaki nacheza bingo na wale wezi? Na wameshaniandikisha niseme.”

“Si lazima useme, Mama. Utachoka.”

“Nichoke na nini? Kukaa?”

Janelle angeweza kumwendea karani na kulifuta jina lile. Lakini karani angeuliza sababu, na sababu ilikuwa moja tu, wala haikuwa ya kutajwa mbele ya karani. Akaenda kusimama ukutani pamoja na washawishi wenzake, wanaolipwa kama yeye kuwabembeleza maseneta.

Zamu ilipofika, Darlene aliketi mbele ya kipaza sauti. Akaombwa, kama ilivyo kawaida, ataje jina lake na herufi zake ili liingie kwenye kumbukumbu.

“Darlene Kucera. K, U, C, E, R, A. Kama la yule pale.” Akanyoosha kidole. “Yule nimemzaa mimi.”

Chumba kikacheka. Mshawishi wa kampuni za bima akamwinamia Janelle. “Mpaka mama mzazi! Dada, wewe hubakizi kitu. Nakuvulia kofia.”

Alimaanisha sifa. Janelle hakupata namna ya kumkanusha ambayo isingekuwa mbaya zaidi.

Ostrander alisoma swali kutoka kwenye karatasi aliyoandikiwa na Janelle. “Bibi Kucera, usiku unajisikia salama?”

“Salama kabisa, Mheshimiwa. Pumzi ikinikata nabonyeza kengele, Bonita anakuja. Ananiinua, ananisugua mgongo mpaka hewa irudi. Juzi alikaa nami hadi kukakucha, huku akiitukana timu yangu.”

“Asante. Kwa hiyo uko salama,” alisema Ostrander, kwa kuwa ndivyo karatasi ilivyotarajia.

Seneta Tewes, aliyekuwa akiupinga muswada tangu mwanzo, akasogeza kipaza sauti chake. “Bibi, huyo Bonita ni muuguzi?”

“Wa usiku, ndiyo. Mzuri kupita wote.”

“Unajua kwamba muswada huu unairuhusu nyumba yenu imwondoe?”

Darlene aligeuka kitini taratibu, hadi akamwona binti yake. “Huu ameuandika Janelle wangu,” alisema. “Kwani anaweza kuandika kitu kama hicho?”

Kanuni zinawakataza wasikilizaji kusema bila kuitwa. Kwa miaka mingi Janelle aliiona kanuni hiyo kuwa kero. Sasa alijificha nyuma yake. Aliinamia karatasi zake, akapigia mstari neno lisilohitaji mstari.

“Muda wako umekwisha, Bibi,” Ostrander alisema, kwa upole.

Nje, wazee walikuwa wakila runza ndani ya basi. Darlene alikuwa ameishika yake bila kuimega.

“Sheria inaruhusu tu, Mama,” Janelle alianza. “Hailazimishi. Kila nyumba itaamua yenyewe…”

Mama yake akampangusa vumbi begani, ambalo halikuwapo.

“Usijitese, mwanangu. Mimi siku hizi nalala fofofo. Hata hiyo kengele sijui iko wapi.”

Huo ulikuwa ushahidi wake wa pili siku ile, nao, tofauti na ule wa kwanza, ulikifaa chama.

Basi liliondoka. Ostrander alikuwa akimsubiri Janelle kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na karatasi mkononi.

“Sikiliza. Ukitaka tuuahirishe muswada, hata hadi mwakani, nitauahirisha. Hakuna atakayeuliza.” Akakohoa. “Mama mwenyewe anasemaje?”

Janelle alihisi uso ukimwaka mpaka masikioni.

“Anasema analala fofofo,” alijibu. “Pigeni kura.”

Ostrander alikuwa amekaa bungeni muda wa kutosha kulitambua jibu ambalo anayelitoa mwenyewe haliamini. Alivitazama viatu vyake, akaingia ndani bila kumngoja.