Sahani ya Bibi Ernestine

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya kupiga kura katika kisiwa cha Santa Perpetua, huko Karibi. Nimejifunga kanga zangu za kulalia, na kandambili mguu mmoja kijani, mmoja mwekundu. Hakuna aliyenishangaa. Watu wote wa pale kituoni walisema Kiswahili, tena cha Tanga.

Foleni ilikuwa ya mtu mmoja: mimi.

"Umechelewa, bibi," likasema sanduku la kura. Lilikuwa la mbao, na kufuli shingoni. "Mheshimiwa Theodule ana kura mia nne na kumi na moja. Mpinzani wake naye hizo hizo. Tunakungoja wewe tangu juzi."

Mheshimiwa huyo ameketi pembeni na suti yake nyeupe. Anaanza kunisimulia maisha yake, na kila akitajacho kinatokea. Anataja ndizi alizopakia melini ujanani, chumba kinajaa mikungu. Anataja jela aliyofungwa kwa kuongoza mgomo wa makuli, madirisha yanaota nondo. Anataja uwaziri mkuu, miaka thelathini, mara tumo bungeni na sanduku limevaa wigi.

Mlangoni amesimama dada yake, Bibi Ernestine. Ameshika sahani mbili za bati zenye ukingo wa buluu, moja imeifunika nyingine.

"Shelisheli la kuchemsha na samaki," akaniambia. "Theo alisema, dada, niwekee chakula, naingia kwenye kikao kidogo, narudi sasa hivi. Siku hiyo nywele zake zilikuwa nyeusi."

Nikaigusa sahani. Bado ya moto.

"Si aje ale?"

"Sheria," likasema sanduku. "Mgombea hali mpaka ashindwe. Na huyu hajawahi kushindwa."

Nikamgeukia mwenyewe. "Baba, wewe wataka nini?"

"Ndugu wananchi!" akaanza, na kuta zikapiga makofi. Hapo nikaona kipaza sauti kimemganda kifuani kama kupe. Nikakizungusha taratibu, nikakivuta, vile niwatoavyo kupe mbuzi wangu. Kikapiga kelele, "Bado hotuba moja!" Nikakifunga kwenye pindo la kanga.

Mheshimiwa akameza mate. "Nina njaa, dada yangu," akanong'ona.

Nikachukua penseli. Nikaweka alama ya vema kwa mpinzani wake, ndani ya mstari, kama tulivyofundishwa darasa la pili. Nikaikunja karatasi mara mbili.

"Polepole," likasema sanduku, "mdomo wangu mdogo." Likatafuna. Likatangaza: "Ameshindwa kwa kura moja!"

Bunge likawa jiko. Mheshimiwa akavua viatu, akakimbilia mkekani.

"We Theo! Mikono!" akasema Bibi Ernestine.

"Waziri mkuu mzima?"

"Si waziri mkuu tena. Kanawe."

Akaenda kunawa huku anacheka. Alikula mpaka akalamba vidole. Nami nikapakuliwa kidogo kwenye ile sahani ya kufunikia.

"Sahani yangu nirudishie, shoga," Bibi Ernestine akanihimiza.

Nikaamka kumeshakucha. Mkamwana wangu Zulfa alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Mama, hii ya nani?"

Ilikuwa sahani ya bati, ukingo wa buluu, na miba miwili ya samaki ndani.

"Ya jirani," nikamwambia.

Tangu asubuhi nakuna nazi. Nitapika vitumbua, maana siwezi kuirudisha tupu. Sijajua tu nimpe nani, anayekwenda njia ile.