Mpira wa Nne wa Zita

Zita alikuwa na hakika kwamba Rukwa nzima hakuna mtu mwingine mwenye wazimu kama wake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipanda dungu katika shamba la ulezi kule Mwimbi, kazi yake kuwatupia ndege madongo. Kukaa juu pale na dongo mkononi unasubiri kunachosha, basi akajizoeza kuyarusha matatu na kuyadaka mfululizo, macho yakiwa shambani. Ndege wakitua, dongo moja linawafuata na mengine hayasimami, kwa sababu wale hawaji mmoja mmoja, wanakuja kundi. Kwake hiyo ilikuwa kazi. Kwa majirani ilikuwa kichekesho, na wale wasio na dogo walisema ana jini.

Lililomtesa kwa miaka sita ni la nne. Akiliongeza tu, yote yanamwagika na kupasuka. Kwa hiyo aliposikia redioni kwamba Sumbawanga mjini kutakuwa na tamasha la kwanza la watu wa kurusha na kudaka, alimwomba mumewe ruhusa ya siku mbili. Adolfu alijikuna kichwa. Ulezi ulikuwa unakomaa.

"Nitakaa mimi dunguni," alisema mwishowe. "Lakini tukubaliane, mama Beda. Ukirudi bila hilo la nne, mchezo uishe kabisa. Nimechoka kuchekwa kilabuni."

Zita alikubali, na hakukubali kwa mdomo tu. Yeye akiahidi, ameahidi.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, macho yamemtoka pima. Watu sitini, labda zaidi! Fundi baiskeli anarusha spana. Wanafunzi wawili wanarushiana chupa. Na katikati yao, Mungu wangu, sista na shela yake kichwani anazungusha ndimu tano. Zita alifanya ishara ya msalaba bila kujua. Kila mahali vitu vilikuwa vinaanguka, na kila kikianguka watu wanapiga makofi, kana kwamba aibu imekuwa sherehe.

"Karibu dada, mara ya kwanza?" Binti aliyekuwa akiandikisha majina, Ummy, alimshika mkono. "Basi nikwambie mapema usije ukapoteza siku. Usisimame ukutani kutazama. Usilolijua muulize aliye karibu nawe, awe nani awe nani. Ukikuta mipira chini na mwenyewe hayupo, chukua, cheza, rudisha ulipoikuta. Na ukiangusha, okota tu, hakuna anayekuhesabia."

Kuchukua cha mtu bila kuomba! Mwimbi hilo lina jina lake na linampeleka mtu kwa mtendaji wa kijiji. Zita alizunguka nusu saa nzima kabla ya kuthubutu kuinama na kuokota mipira minne ya vitenge iliyojazwa mahindi. Aligeuka huku na huku akisubiri kuitiwa mwizi. Hakuna aliyemtazama.

Alimwendea sista, ambaye jina lake lilikuwa Luciana.

"Minne si mitatu na mmoja wa nyongeza," sista alimweleza. "Ni miwili huku na miwili kule. Kila mkono na shughuli yake, usiuingilie mwenzake."

Miaka sita ya madongo yaliyopasuka, kumbe alikuwa anakosea tangu mwanzo! Zita alitamani kucheka na kulia. Aliangusha siku ile hadi kiuno kikamuuma, na kesho yake akaangusha tena. Maneno ya sista yalikuwa yale yale: "Unaikodolea macho, Zita. Unaiogopa." Ni kweli aliiogopa. Saa tisa alasiri ilipofika, alikuwa hajamaliza hata mizunguko miwili, na basi la kurudi lilikuwa la alfajiri.

Kufunga tamasha, wote walijipanga duara, kila mtu arushe alichonacho. Katikati alisimama Mzee Mahmud, mwenye duka la vipuri hapo mjini, ambaye tamasha lilikuwa wazo lake. Begani alikuwa na njiwa mweupe aliyemfuga tangu kinda. Wenye kumjua walisema akimwachia anazunguka ukumbi mara moja na kurudi begani.

Zita alikuwa ameshikilia maelekezo ya sista tu, miwili huku, miwili kule. Hakusikia lingine. Akarusha.

Pembeni ya jicho lake bawa likapita.

Hakufikiri. Angefikiri, angekuwa mtu mwingine. Macho yaliiacha mipira yakamfuata ndege, mikono ikaendelea yenyewe, mara moja, mara mbili, mara tano, kisha mkono wa kulia ukafyatuka. Njiwa alianguka miguuni mwa Mzee Mahmud kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba.

Ukumbi mzima uliganda. Sauti pekee iliyobaki ilikuwa ya mipira ikigonga viganja vya Zita, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado inasubiri kundi. Alipojiona, aliiachia yote ikadondoka, akajishika mdomo kwa mikono miwili. Alitamani ardhi impasukie.

"Minne," Sista Luciana alinong'ona, uso umempauka. "Zita, ilikuwa minne."

Mzee Mahmud alipiga magoti. Alimwinua njiwa, akampulizia manyoya ya shingo, akasubiri, akampulizia tena. Kichwa kililala upande. Machozi yalimtiririka mbele ya watu wote wala hakuyafuta.

"Nisamehe, mzee wangu," Zita alisema. "Nisamehe. Sitarusha tena maishani. Naapa, sitashika tena hata dongo."

Mzee alimlaza njiwa sakafuni taratibu.

"Nimekaa na ndege huyu miaka tisa," alisema. "Na miaka arobaini narusha, sijaona mikono kama hiyo. Usiniapie, mama. Ukiacha sasa, atakuwa amekufa bure."

Akauokota ule mpira uliomuua ndege wake, akanyoosha mkono kumpa. Zita alikuwa analia kwa sauti. Alichelewa sana kuupokea, lakini aliupokea.