Betri ya Moyo wa Zilpah

Zilpah alianguka kifudifudi ndani ya karai alilokuwa akioshea mchanga wa dhahabu. Mumewe, Dishon, alikuwa chini shimoni. Alipopanda juu aliwakuta wanawake wamemlaza kivulini, wanampangusa matope puani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na miguu ilikuwa imevimba hata ndara hazikuingia.

"Ni hii kitu," alisema alipopata pumzi, akijigusa chini ya bega la kushoto. "Imechoka."

Kitu chenyewe kilikuwa kifaa kidogo kilichopachikwa chini ya ngozi, cha kuusukuma moyo wake upige. Miaka ya nyuma kanisa lilimpeleka Nairobi akawekewa. Daktari aliwaambia tangu siku ile kwamba betri ingeisha, na ikiisha kifaa kizima lazima kibadilishwe. Pale machimboni Macalder watu walikiita betri ya moyo, na watoto waliuliza kama kinaweza kuwasha redio.

Mwaka huo walikuwa na bahati. Madaktari wageni walifika hospitali ya misheni upande wa Homa Bay, nao walimletea Zilpah kifaa kipya. Alilazwa, akaoshwa kifua, akaambiwa asile kitu mpaka apasuliwe kesho yake.

Mchana huo Zadock, katibu wa hospitali, alimwita Dishon ofisini. Ndani alikuwemo Mheshimiwa Omwenga, ambaye leseni ya machimbo yote ya Macalder ilikuwa kwa jina lake. Alikuwa akimenya chungwa.

"Mama ya Mheshimiwa amelazwa jana," Zadock alisema. "Moyo, kama bibi yako."

"Pole sana, Mheshimiwa."

"Asante," Omwenga alisema. "Sasa kifaa ni kimoja, na wagonjwa ni wawili. Hawa wazungu hawatoi kitu ya mtu mpaka mwenyewe akubali."

"Ni ya Zilpah."

"Hakuna mtu amekataa, omera, ndugu yangu," Zadock alisema kwa upole. "Lakini wageni watarudi mwaka ujao. Bibi yako bado ana nguvu. Anaweza kungoja."

"Na akishindwa kungoja?"

Omwenga alitema mbegu kiganjani. "Wewe unachimba wapi kule?"

"Karibu na mto."

"Na nani?"

"Ndugu zangu."

"Nani aliwaruhusu?"

Dishon alilijua swali hilo. Askari wa Omwenga walikuwa wamefukia mashimo ya ng'ambo ya mto, na waliokuwa wakichimba huko sasa walizunguka mashamba ya Kosele wakiomba vibarua vya kupalilia.

"Basi muulizeni Zilpah mwenyewe," alisema hatimaye.

"Amepewa dawa, amelala," Zadock alisema. "Nimewaeleza wageni kwamba huku kwetu mume ndiye humsemea mke. Watakuuliza, mimi nitatafsiri. Wewe itikia tu kwa kichwa."

Daktari aliyemuuliza alikuwa mama mwenye mvi. Alimtazama Dishon usoni, akarudia swali lake polepole, kana kwamba angependa jibu jingine. Dishon aliitikia kwa kichwa. Baadaye lililomkera zaidi ni jinsi ilivyokuwa rahisi.

Zilpah alipoamka, alimwambia kifaa kiliharibika njiani.

Mkewe alimshika mkono. "Pole, baba Lynnet," akasema. "Umehangaika bure."

Shimo lao halikuguswa. Dishon aliteremka humo kila siku, na aliporudi aliteka maji, akapika, akamkanda Zilpah miguu. Zilpah sasa alilala ameketi, mito imemwegemeza mgongo, kwa sababu akijinyoosha pumzi hukatika. Kila alipomshukuru, Dishon alipata kisingizio cha kutoka nje. Siku moja alijikaza. "Mama Lynnet, kile kifaa..."

"Wacha," alimkatiza. "Haikuwa makosa yako."

Naye akawacha.

Kisha gari la Omwenga likaingia bomani kwao, likifuatwa na watu wa kanisa na mpiga picha. Mama yake Omwenga, bibi kizee aliyeitwa Monicah, aliteremka mwenyewe, akatembea hadi mlangoni bila kushikwa mkono.

"Mama wa nyumba hii," Omwenga aliutangazia umati uani, "alisema, mpeni mama mzee kwanza, mimi nitangoja!" Watu wakapiga makofi. Vigelegele vikapanda.

Ndani, Monicah alikaa ukingoni mwa kitanda, akaishika mikono ya Zilpah. Alikuwa akilia kweli.

"Mwanangu, mimi nilikataa. Nikawaambia siwezi kuchukua uhai wa mtoto wa wenyewe. Wakaniapia kwamba umekubali kwa kinywa chako. Ni kweli?"

Zilpah aligeuza macho akamtazama mumewe. Dishon alitazama sakafu. Nje, Omwenga alikuwa akicheka na mtu.

"Ni kweli, mama," Zilpah alisema. "Nilikubali."

Mpiga picha aliinama mlangoni. "Mzee, sogea. Mshike mama bega, tuone familia."

Dishon aliweka mkono. Zilpah hakuusukuma. Alitazama mbele, kifua kikipanda na kushuka kwa shida, akijitahidi kutulia ili picha isiharibike.